Kuhara na Kutapika: Tatizo Letu ni Kuchelewa



Kipindupindu kikitajwa, wengi tunawaza uchafu na mitaro, kisha lawama kwa serikali. Sawa kabisa. Ila mimi naona kuna upande tunaukwepa: ule muda kati ya mtu kuanza kuharisha na kufikishwa kituoni.

Tazameni majirani zetu wa Zambia. Mlipuko wa Oktoba 2023 uliendelea mpaka 2024, wagonjwa wakapita 20,000 na waliofariki wakazidi 700. Uwanja wa Heroes pale Lusaka ukageuzwa kituo cha matibabu. Lakini wengi kati ya waliokufa hawakufa mikononi mwa daktari. Walifia nyumbani, au walifikishwa wakiwa wameshakata roho. Wakati huo huo Shirika la Afya Duniani linasema mgonjwa akitibiwa mapema, uwezekano wa kufa unashuka chini ya asilimia 1. Sasa jamani, nani muuaji hapo, bakteria au kuchelewa?

Bongo tunachelewa kwa sababu zinazojulikana. Aibu ya kuambiwa una kipindupindu. Nauli. Na ule mtindo wa kukimbilia duka la dawa kununua flajili. Flajili haitibu kipindupindu, na mwili unaokauka unataka maji na chumvi kwanza.

Kwa hiyo usingoje ukiona haya: choo kinatoka mfululizo kama maji ya kuoshea mchele, kila anachokunywa anakitapika, choo kina damu, macho yameingia ndani, hajakojoa kwa saa 6 au zaidi, amelegea au haeleweki anachosema, ukifinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi. Hapo ni kituoni moja kwa moja, hata kama ni usiku wa manane. Kipindupindu kikali kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache.

Hata bila dalili hizo, mtu mzima akiharisha zaidi ya siku 2, aende. Mtoto asivushwe siku moja, na kichanga asisubirishwe kabisa.

Njiani mnyweshe ORS, kidogo kidogo. Huna pakiti? Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Mtoto aendelee kunyonya.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya ushauri huu. Dar iliugua Agosti 2015 na ugonjwa ukasambaa mikoani, kwa hiyo mvua zikija hakuna anayeweza kusema ameshtukizwa. ORS ni rahisi mno kukosekana mtaani, na kituo kilicho mbali ni sawa na hakipo.

Mtaani kwenu mtu akizidiwa saa nane usiku, anapelekwa wapi na kwa usafiri gani? Semeni, wadau.