Nauli yageuka kikwazo kwa wanaotaka kuacha heroini Pwani

KILA asubuhi abiria wa Mombasa huanza siku kwa malalamiko yale yale. Matatu hazitoshi, nauli imepanda kwa sababu ya manyunyu, feri imechelewa kuvuka Likoni, na utingo anasisitiza kwamba kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi ilhali viti vyote vimejaa. Juu ya hayo, kuna kijana anayezungukazunguka kituoni akiomba shilingi 10. Abiria humwita teja, humkwepa na kushika simu zao vizuri.

Malalamiko haya huzungumzwa kana kwamba hayahusiani. Lile la nauli huelekezwa kwa wenye matatu, nalo la mateja huachiwa polisi. Hata hivyo, yakichunguzwa kwa makini, ni bayana kuwa yanakutana. Tiba ambayo Kenya imeichagua kwa uraibu wa heroini humlazimu mgonjwa kusafiri kila siku ya mwaka. Asiyemudu nauli huikosa tiba hiyo, hata kama dawa yenyewe hutolewa bila malipo.

Heroini si jambo geni Pwani. Ilianza kuonekana katika miji ya watalii miaka ya 1980, wakati huo ikiwa ile ya rangi ya kahawia iliyovutwa kwa moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliingia heroini nyeupe, ambayo huyeyuka kwa urahisi, na watumiaji wengi wakaanza kujidunga. Sindano zilipoanza kupokezanwa, virusi vya Ukimwi vilifuata. Uchunguzi uliofanywa nchini mwanzoni mwa mwongo uliopita ulionyesha kuwa takriban asilimia 18 ya waliojidunga walikuwa na virusi hivyo, kiwango kilichokuwa mara tatu hivi ya kile cha taifa zima.

Kwa miaka mingi serikali iliona suala hili kuwa la polisi na mahakama pekee. Sheria ya kudhibiti mihadarati ya 1994 iliweka adhabu kali, na baadaye yalipatikana mafanikio yaliyotangazwa duniani kote. Mnamo Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi katika bahari ya mashariki ya Mombasa. Agosti mwaka huo, meli ya Al Noor iliyokamatwa na mamia ya kilo za heroini ililipuliwa baharini mbele ya Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Mnamo 2019 Baktash Akasha wa Mombasa alihukumiwa kifungo cha miaka 25 jijini New York.

Mafanikio hayo hayapaswi kubezwa. Lakini kuzuia unga kuingia ni jambo moja, na kumtibu aliyekwisha kuzama ni jambo lingine. Somo hilo lilitolewa mapema. Kati ya mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, unga uliadimika ghafla Mombasa na Malindi baada ya msako mkali. Bei ilipanda, kete zikachanganywa na vitu visivyojulikana, na watumiaji wakapatwa na arosto bila kuwa na hospitali ya kukimbilia. Unga uliporejea, wengi waliurudia.

Ndipo Kenya ikageukia methadoni. Tanzania ilikuwa imetangulia mnamo 2011, ilipoanza kutoa dawa hiyo katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Mwaka uliofuata huduma ilifika Malindi, kisha Kisauni, Mombasa. Baadaye vituo viliongezeka, kikiwemo cha Kombani katika Kaunti ya Kwale.

Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, kwa hivyo mraibu huhitaji kete tatu au nne kwa siku, na siku yake yote huishia katika kutafuta pesa za kete inayofuata. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya saa 24. Huzuia arosto na kupunguza hamu, bila kumpa mtumiaji ule ulevi wa ghafla anaoufuata katika unga. Aliyepata kipimo kinachomfaa anaweza kufanya kazi, kulea watoto na kulala usiku kucha.

Wapo wanaopinga wakidai kuwa huku ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Hoja hiyo husikika sana misikitini, makanisani na hata majumbani mwa wagonjwa. Ni kweli kwamba methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, na anayeiacha ghafla ataumwa. Tofauti ni kwamba kipimo chake kinajulikana, haidungwi, na hainunuliwi kwa pesa za wizi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mnamo 2005.

Tatizo ni sharti linaloandamana nayo. Mgonjwa hunywa dawa mbele ya mhudumu wa afya, siku saba kwa wiki, Idi na Krismasi zikiwemo. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, hawezi tu kurudi na kupewa kipimo chake cha awali. Katika siku hizo mwili huanza kupoteza ustahimilivu, na kipimo kilichomfaa wiki iliyopita kinaweza kumzuia kupumua. Kwa sababu hiyo hupimwa upya na dawa yake hupunguzwa, na akikaa sana hulazimika kuanza kama mgeni.

Hapa ndipo nauli inapoingia. Chukua mfano wa mgonjwa anayelipa shilingi 50 kwenda na shilingi 50 kurudi. Kwa mwezi wa siku 30 atahitaji shilingi 3,000, na kwa mwaka shilingi 36,500. Akilazimika kupanda matatu mbili kila upande kwa bei hiyo hiyo, gharama hufika shilingi 6,000 kwa mwezi na 73,000 kwa mwaka. Mfanyakazi wa ofisi anayelalamikia nauli hulipa kwa siku 22 hivi kwa mwezi, na ana mshahara. Mgonjwa huyu hulipa kila siku na mara nyingi hana kazi.

Nauli yenyewe haitabiriki. Serikali haipangi bei ya matatu. Wenye magari na vyama vyao ndio huamua, na kila abiria anajua kwamba bei ya saa nne asubuhi si bei ya saa kumi na mbili jioni, wala ya siku ya kiangazi si ya siku ya mvua. Petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita mnamo Septemba 2023, wahudumu walipandisha nauli. Mwenye kazi alinung'unika na kulipa. Asiye na kazi alikuwa na njia mbili: kutembea au kukosa dawa.

Anayekosa dawa leo kwa sababu ya shilingi 100 huanza kuhisi arosto kesho. Mwili unauma, pua inachuruzika, tumbo linasokota, na usingizi hauji. Wakati huo kliniki iko mbali na nyumbani, ilhali muuzaji wa kete yuko mtaani na pengine hata hukopesha. Yeyote anayeshangaa kwa nini vijana huacha tiba na kurudi maskani anapaswa kuanza kwa kuhesabu hatua za safari hizo mbili.

Kuna jambo lingine ambalo abiria hawalioni. Baadhi ya hao wanaoitwa mateja vituoni ndio wanaoita abiria, kubeba mizigo na kuosha matatu ili wapate sarafu chache. Kazi hizo hupatikana alfajiri na asubuhi, wakati ambapo watu wanakwenda kazini. Saa hizo hizo ndizo za kwenda kliniki. Anayechagua dawa hupoteza kibarua, na anayechagua kibarua huhatarisha dawa. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu hujikuta akiadhibiwa na ratiba iliyokusudiwa kumsaidia.

Janga la Korona lilianika udhaifu huo. Kuanzia Machi 2020 matatu za abiria 14 zilitakiwa kubeba wanane pekee, na nauli ikapanda katika njia nyingi hadi magari yaliporuhusiwa kujaza viti tena Agosti 2021. Kafyu nayo ilifupisha siku. Mwezi ule ule wa Machi 2020, Marekani iliruhusu wagonjwa wa methadoni walio imara kupewa dawa ya hadi siku 28 wakanywe nyumbani, na mnamo 2024 ruhusa hiyo ilifanywa kuwa ya kudumu.

Je, Kenya ifanye vivyo hivyo? Jibu si rahisi. Methadoni ikitolewa ovyo inaweza kuuzwa mitaani, na chupa iliyoachwa mezani inaweza kumuua mtoto anayeionja. Aidha, wagonjwa wengi hawana pahali pa kuifungia dawa. Wengine hawana hata nyumba. Wauguzi wanaosita wana sababu za msingi. Lakini kuna tofauti kati ya mgonjwa wa wiki ya kwanza na aliyehudhuria kwa miaka miwili bila kukosa. Kuwatendea wote kama washukiwa ni kuwanyima waaminifu matunda ya uaminifu wao.

Njia nyingine ni kuipeleka dawa aliko mgonjwa. Jiji la Amsterdam lilianza kutumia basi la kutoa methadoni mnamo 1979. Dar es Salaam, kwa upande wake, haikubaki na Muhimbili pekee. Huduma ilipelekwa Mwananyamala na Temeke, karibu zaidi na watu. Siku hizi pia kuna sindano ya buprenofini, dawa ya jamii hiyo hiyo, inayoweza kufanya kazi kwa wiki nzima au mwezi. Bei yake ingali juu kwa nchi nyingi, lakini inapolinganishwa na safari 30 kwa mwezi, hesabu inastahili kufanywa.

Haya yote yanahitaji pesa, na hapo ndipo hali imekuwa ngumu zaidi. Sehemu kubwa ya huduma kwa wanaojidunga nchini ilijengwa kwa misaada ya nje, hasa ya Marekani, kupitia mpango wake wa kupambana na Ukimwi. Mnamo Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, na mashirika yaliyotegemea fedha hizo yakatikisika. Wafanyakazi wa nyanjani, ambao kazi yao ni kuwafuata mitaani wagonjwa walioacha kuonekana, hulipwa kupitia mashirika kama hayo.

Kwa hivyo swali la ni nani anayewajibika haliwezi kuendelea kukwepwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linalijibu. Linazipa serikali za kaunti huduma za afya za kaunti, usafiri wa umma wa barabarani, na udhibiti wa mihadarati. Mambo yote matatu yamewekwa katika orodha moja, chini ya gavana mmoja na bunge moja la kaunti. Afisa wa afya anayesema kuwa nauli si kazi yake, na mwenzake wa uchukuzi anayesema kuwa waraibu si kazi yake, wote wanalipwa kutoka mfuko mmoja.

Kaunti inayoandaa leseni na maegesho ya matatu inaweza kukubaliana na vyama vya wenye magari kuhusu tiketi ya mgonjwa aliyesajiliwa. Inaweza kufungua dirisha la dawa katika zahanati za mitaa iliyo mbali na kliniki kuu. Inaweza pia kupanga saa za huduma ili mwenye kibarua cha alfajiri apate dawa mchana. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji sheria mpya kutoka Nairobi.

Abiria ana haki ya kulalamika anapoibiwa simu au kusumbuliwa kituoni. Lakini msako wa polisi humwondoa kijana yule kwa siku chache tu, na akitoka korokoroni hurudi pale pale akiwa ameikosa dawa yake kwa siku hizo zote. Iwapo kaunti za Pwani zinataka vituo vyenye utulivu, zitalazimika kuingiza katika bajeti zijazo gharama ambayo kufikia sasa imeachiwa mtu maskini kuliko wote katika foleni ya matatu.