Mwenyekiti wa mtaa mmemsahau

Mwandishi, katika makala yako kuhusu maafa umemtaja mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na Zimamoto, lakini mwenyekiti wa serikali ya mtaa hukumgusa kabisa. Sisi wa Magomeni tunaopakana na bonde la Msimbazi pengo hilo tunaliona kila masika. Mvua ikikolea, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na anayegongewa mlango saa nane za usiku ni mwenyekiti. Ndiye anayejua kwamba katika chumba cha uani kuna bibi asiyeweza kutembea, na kwamba nyumba fulani ina wapangaji wenye watoto wachanga. Mkuu wa wilaya ni wa kuteuliwa, leo yupo kesho kahamishwa; hayo atayajuaje?

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu takriban 40 jijini Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Kujua nani aliishi wapi, mwenye nyumba au mpangaji, ni kazi isiyowezekana bila ofisi ya mtaa.

Wenyeviti tuliwachagua Novemba 27, 2024, siku 11 tu baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo. Hapa kwetu sikumsikia mgombea hata mmoja akieleza watu wakimbilie wapi maji yakiingia! Halmashauri iwape kipaza sauti, fungu la dharura na ufunguo wa shule ya karibu. Nasi wananchi tuwadai orodha ya wazee na wagonjwa, iwe mezani kabla ya Machi.