Wasee, Shurikeni Haipiti Mlango wa Westi

Naona sai kila mtu Nairobi anachora komiki ya mwaka 2080. Poa sana, niko na nyinyi. Lakini kila nikifungua moja, shujaa wetu, dem wa Kangemi ama msee wa Kawangware, anatoa mfukoni shurikeni inayowaka buluu. Manze, tafadhali.

Sina shida na Wajapani. Jina lenyewe la shurikeni linamaanisha upanga uliofichwa mkononi, na liliwafaa wenyewe. Shida ni kwamba mmekopa silaha bila kukopa sababu ya kuificha. Kitu kinafichwa kwa sababu kuna mtu anapekua. Sasa niambie, kwa komiki yako, nani anapekua?

Hapa Westi jibu liko kila mlango. Tangu lile shambulio la Westgate, 21 Septemba 2013, watu 67 wakauawa, huingii hata kununua chipsi kabla soja akupitishie kile kijiti kinacholia. Kwa hiyo sibishi, watu walikufa. Ninachobisha ni vile kijiti kinachagua. Juzi nimefika jengo fulani na rasta zangu na begi la kamera. Nikatoa lenzi moja moja juu ya meza kama mchuuzi, mpaka chaja. Nyuma yangu V8 nyeusi ikapita, kioo hakikushuka, soja akapiga saluti. Hiyo ndiyo sai-fai yako, buda. Anzia hapo.

Angalia rungu. Ni silaha ya kurusha, ya kwetu kabisa, kichwa kizito na mpini mwembamba. Moi alitembea na yake miaka 24 ya urais, mbele ya kamera, na hakuna soja aliyemuuliza anapeleka wapi. Tarehe 17 Juni 2025 wahuni wakaingia tao na pikipiki, marungu na viboko juu juu, wakapiga waandamanaji mchana kweupe. Hawakuficha chochote. Nani angewapekua? Kwa hivyo ukimpa jambazi wa serikali ya 2080 kisu cha kuficha ndani ya buti, umempa mtu asiye na haja nacho.

Na msiniambie eti Afrika haina mifano ya kuficha. Wazande, huko kaskazini mwa Kongo, walikuwa na kisu cha kurusha chenye makali kadhaa yaliyochomoza huku na huku, ncha moja ikikukosa nyingine inakupata. Walivibeba nyuma ya ngao. Wewe unaona ngao tu. Halafu Wanuri Kahiu, kwa ile filamu yake Pumzi ya 2009, Asha anatoroka na nini? Mche. Hakuna bunduki ya leza na bado roho inakuruka, kwa sababu tayari tumeonyeshwa wanaomzuia kutoka.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, fizikia yangu si ya kujigamba, nisahihisheni. Lakini silaha ya dem wangu ni bangili. Ile ya shanga za rangi za bendera, ya Maasai Market. Soja anayo, mheshimiwa anayo, wewe unayesoma pengine unayo sai. Akikunja kifundo cha mkono namna fulani, inanyooka, inakauka, shanga zote zinakimbilia ncha moja: rungu. Inapiga mara moja tu halafu inalegea. Akikosa, hana kitu, na mlango bado uko mbele yake. (Waliosema kwa komenti irudi mkononi kama nyundo ya Thor, nimewasoma. Hapana.)

Ukurasa niliomaliza jana usiku: amerusha, droni imeanguka, watu wamelala chini. Bangili iko sakafuni pale mlangoni, imejikunja. Soja anainama, anaiokota, anaipangusa kwa kiganja.

"Madam, umeangusha bangili yako."