Sura ya Simu ni Mali ya Nani?

Mwenye nyumba akimwita fundi aje azibe bati linalovuja, kisha arudi jioni akute mlango umehamishiwa uani na dirisha limezibwa, hatamshukuru fundi huyo hata akiambiwa kwamba hayo ndiyo maendeleo. Lakini jambo hilo hilo likitendwa ndani ya simu zetu, mara kwa jina la kusasisha, mara kwa jina la toleo jipya, twalipigia makofi. Insha hii yasema kwamba makofi hayo hayastahili.

Tuanzie Kisarawe. Yupo mama auzaye mihogo sokoni, ambaye hakujaliwa kukaa darasani muda mrefu. Simu yake aliijua kwa alama, si kwa maneno: chini palikuwa na vitufe vitatu, naye alijua kila kimoja kazi yake. Simu ile ilipokufa alinunua nyingine. Vitufe havikuwapo, mahali pake palikuwa na mstari mwembamba, na mtu alitakiwa kutelezesha kidole bila ya kuambiwa wapi wala vipi. Mama alihangaika, mwisho akampa kijana mpita njia simu yake pamoja na namba yake ya siri ya fedha. Kijana yule alikuwa mwaminifu. Je, atakayefuata?

Tutazame basi mabadiliko haya yalikotoka. Mpaka mwaka 2012 programu za Apple zilipambwa kwa mfano wa ngozi iliyoshonwa na rafu za mbao. Mwaka 2013 mapambo hayo yalifutwa, ikaja sura bapa. Mwaka 2014 Google ikaipa Android mtindo uliochukua mfano wa karatasi na wino. Mwaka 2017 ikatoka simu ya Apple isiyo na kitufe cha nyumbani, na mwaka 2019 Android 10 ikaleta uendeshaji kamili wa kutelezesha kidole. Mwaka 2025 Apple ikaleta sura ya kioo. Ngozi, karatasi, kioo: vyote vyatoka katika meza ya ofisi ya ng'ambo. Mkeka haumo, ukili haumo, wala hapana aliyekwenda Kisarawe kuuliza.

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini mwetu kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mzee aliyejifunza herufi wakati ule angali anazisoma leo, kwa kuwa hapana aliyethubutu kuzibadili umbo baada ya yeye kuhitimu. Alama za simu ndizo herufi za mama yule wa sokoni. Kuzibadili kila baada ya miaka michache ni kumrudisha katika ujinga aliokwisha kuushinda kwa jasho lake, kisha kumcheka kuwa hajui teknolojia.

Wapo watakaosema kwamba tunapinga mabadiliko. La hasha! Utamaduni usiobadilika hufa. Herufi zilizokuzwa kwa ajili ya wenye macho hafifu, na sauti imsomeayo asiyeona, ni mabadiliko mema, kwa sababu yalimfuata mwenye haja. Mwana hiti, sanamu ya mwali katika Uzaramo, hakuchongwa na mkono mmoja. Kila fundi ana mapambo yake, lakini kichwa chenye kishungi na kiwiliwili chake vyajulikana na kila mtu. Fundi wa kweli huchonga akijua ni nani atakayekishika alichokichonga.

Wengine watasema kwamba vile vitufe vitatu vyaweza kurudishwa katika mipangilio. Ni kweli, katika simu nyingi za Android vyaweza. Lakini njia ya kuvifikia imefichwa nyuma ya maneno mengi, na anayevihitaji kuliko wote ndiye asiyeweza kuyasoma. Haki iliyofungiwa katika chumba ambacho mwenyewe hana ufunguo wake si haki.

Tusijidanganye kwamba hatuna uwezo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Msimbo wa msingi wa Android uko wazi tangu mwaka 2008, na yeyote mwenye ujuzi aweza kuuchukua na kuujenga upya. Basi kazi iko mbele yetu. Mwalimu wa Kibaha, mahali palipoanzishwa kituo cha elimu mwaka 1963 ili maarifa yawafae wananchi, na awapeleke wanafunzi wake Kisarawe, wakae na wazee, wachore alama zinazoeleweka bila ya mkalimani. Nayo Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo huidhinisha vifaa vya mawasiliano, na idai kwamba kila simu mpya, iwashwapo mara ya kwanza, imwulize mtumiaji kwa Kiswahili, kwa sauti na kwa picha: wataka sura ipi?

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni akiamini kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Leo sehemu ya roho hiyo yaishi katika kioo cha kiganjani. Tukiwaachia wengine waichore wapendavyo, tusishangae siku tutakapojitazama humo tusijione.