Subaru ya mnada Malaba: Kabla hujatoa pesa, uliza deni ni la nani

Picha inatua kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku. Subaru Impreza WRX STI, rangi ya buluu, rimu za dhahabu, bomba la moshi lenye mdomo mpana kama sufuria ya chai. Maelezo ni mafupi: gari la benki, mwenyewe alishindwa na deni, liko Malaba, nani yuko tayari? Bei ni nusu ya ile unayoisikia kwenye yadi za Nairobi. Wewe hulali tena. Unaanza kupiga hesabu: akiba ya chama, ng'ombe mmoja wa babu, mkopo wa simu, labda na karo.

Hesabu hiyo naijua. Nimewahi kuipiga, na nikaikosea.

Sikucheki, mse wangu. Hii kiu ya Subaru tumeirithi. Patrick Njiru alitimua vumbi la Safari Rally na Subaru miaka ya 90. Colin McRae akashinda mbio hizo 1997 ndani ya Impreza, Richard Burns akarudia 2000. Wengine wetu hatukuwa tumezaliwa, lakini mlio wa ile injini tunaujua kuliko wimbo wa shule.

Sasa sikiza yaliyonipata. Binamu yangu anatafuta riziki Malaba, pale foleni ya malori inapoanzia. Broka mmoja akamletea Impreza yenye pleti za Uganda. Akasema mkopeshaji wa Kampala amelitwaa kwa deni na anataka kuliondoa haraka. Binamu akatoa Sh450,000 taslimu. Mimi nikaongeza Sh40,000 niliyotumiwa nyumbani ya karo ya muhula. Tungeliuza kwa faida, kila mtu achukue chake. Karatasi tulizopewa ni fotokopi ya logibuku na makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono, yakatiwa sahihi juu ya meza ya hoteli, kando ya sahani ya chapati.

Tuliliendesha siku kumi na tisa. Ya ishirini tulisimamishwa tukielekea Kisumu, mbele kidogo ya Bumala. Maafisa wakaomba kibali cha gari la kigeni. Hatukuwa nacho. Gari likapelekwa kituoni, na kabla wiki haijaisha akajitokeza mtu kutoka ng'ambo na logibuku halisi mkononi, akisema hajawahi kumuuzia mtu yeyote. Broka alikuwa amezima simu. Muhula ule sikurudi chuo, na uliofuata pia. Siwezi kusema ni gari pekee lililonitoa chuoni, mguu mmoja ulikuwa nje tayari. Lakini mama hadi leo hajui Sh40,000 zilienda wapi. Akisoma hapa, ndipo atajua.

Kosa letu halikuwa kununua gari lililotwaliwa. Kununua gari la mnada si haramu, na kuna watu wamepata magari mazuri kwa njia hiyo. Shida ni kwamba hapa mpakani, Busia na Malaba, magari ya aina tatu huitwa kwa jina moja: "gari la benki."

La kwanza ni la mnada wa kweli. Mwenye deni amepewa notisi, dalali ana leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali, na tangazo limetoka gazetini. Hili halali, lakini si rahisi kama unavyofikiri. Gari la mnada huuzwa lilivyo, pale lilipo. Mara nyingi huruhusiwi kulijaribu barabarani. Na jiulize: mtu aliyeshindwa kulipa awamu za mkopo, unadhani alikuwa na pesa za kubadilisha oili kwa wakati? Injini ya turbo hailei uzembe. Impreza za STI zilizotoka Japani zilitengenezwa zinywe petroli ya oktani ya juu, na turbo iliyokosa oili safi hufa kimya kimya, kisha inakwambia siku umebeba mchumba. Ongeza miezi gari limekaa yadi juani: betri imekufa, matairi yamepasuka, ufunguo ni mmoja na wa pili hakuna anayejua uko wapi. Pia mwenye gari anaweza kwenda mahakamani kupinga mnada, ukabaki na risiti ukingojea kesi.

La pili lina deni ambalo bado liko hai. Mtu amekopa akiweka logibuku kama dhamana, ameshindwa kulipa, na anakimbia kukuuzia kabla mkopeshaji hajamfikia. Hapa ndipo vijana wengi huchomeka. Tangu 2017 Kenya ina sheria ya haki za dhamana juu ya mali inayohamishika. Mkopeshaji akisajili haki yake, kwa kawaida deni halibaki na aliyekopa pekee, linafuata gari hadi kwako. Unaweza kuwa umelipa kila senti, na bado watu wakaja usiku wa manane Amagoro na lori la kuvuta, kwa sababu traka iliyofichwa chini ya dashibodi imewaonyesha ulipoegesha. Kisheria si wezi. Wewe ndiye umekaa na mali yao.

La tatu ndilo lililotumeza sisi: gari la ng'ambo. Broka atakwambia, "Ushuru tutapanga." Muulize gari ni la mwaka gani. Kenya haisajili gari lililotumika kutoka nje likiwa na zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya 2018, mwisho ni miaka kumi na mitano. Sasa ona mtego ulipo: Impreza ya miaka kumi na miwili inaweza kuwa halali kabisa Kampala, lakini huku hata ubebe gunia la pesa hupati pleti za Kenya. Hakuna cha kupanga. Utakuwa unaendesha gari la mgeni maisha yako yote, ukizima taa kila ukiona koti la manjano barabarani.

Na kuna la aina hiyo lililo baya zaidi. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza yamepatikana Uganda, baada ya traka ya Lexus moja kuonyesha kwamba liko Kampala. Lilikuwa limepitia bandari ya Mombasa. Toka Mombasa hadi Kampala kwa barabara, watu wengi hupita wapi kama si Malaba au Busia? Njia ya mali halali ndiyo hiyo hiyo ya mali ya wizi, na kwenye picha ya WhatsApp yote yanang'aa sawa.

Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi ya amana, fanya haya. Ingia eCitizen, ulipie utafutaji wa rekodi za gari kwenye huduma za NTSA. Ada yake ni ndogo kuliko mafuta ya kwenda kuliona. Angalia majina yote kwenye rekodi. Ukiona jina la benki au kampuni ya mikopo, gari hilo si la anayekuuzia peke yake. Tafuta pia kwenye sajili ya dhamana ukitumia kitambulisho cha anayeuza. Akikataa kukupa nambari ya kitambulisho, amekujibu tayari.

Nambari ya chesi isome mwenyewe kwenye chuma, usiisome kwenye fotokopi. Nenda na mekanika wako, si yule "anayejuana na broka." Kama deni bado lipo, kutaneni ofisini kwa mkopeshaji, pesa ziingie kwenye akaunti yake, na utoke na barua ya kuonyesha ameachilia gari. Na kama pleti ni za Uganda na huna wakala wa forodha mwenye leseni wa kukuthibitishia kwamba gari linaweza kusajiliwa huku, piga selfie nalo urudi nyumbani.

Lakini si haki kumlaumu kijana pekee. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili Februari 2018. Maafisa wa Kenya na Uganda wanakaa chini ya paa moja wakikagua lori la saruji, lipite bila kusimama mara mbili. Basi kwa nini kijana wa Korinda mwenye Sh450,000 asiwe na dirisha hapo la kuuliza, kwa ada ndogo, gari hili la Uganda ni la nani na lina deni? Sisi tuko hatua mia chache kutoka kwa mtu mwenye jibu, lakini tunamuuliza broka. Viongozi wa Kaunti ya Busia wanaozungumza kila siku kuhusu biashara ya mpakani waanzie hapo. Dirisha moja, kompyuta moja kwa kila nchi.

Hadi litakapofunguliwa, dirisha ni wewe mwenyewe. Bei ya kutupa haitoki hewani. Kuna mtu alipoteza gari hilo, na kuna mtu bado analidai. Hakikisha kwanza hawatakuja kukudai wewe.

Binamu yangu bado yuko Malaba, na chama bado kinamkata kila mwezi kwa gari ambalo hana. Wiki iliyopita picha nyingine ilitua kwenye kundi letu. STI nyeupe safari hii, "ya benki," nusu bei. Niliandika swali moja tu: logibuku iko kwa jina la nani? Tiki mbili zikageuka buluu. Hadi leo hajajibu.