Redio ya umma isikilize pande zote

VIPINDI vya mijadala katika redio ya umma nchini Kenya vinapaswa kutoa nafasi sawa kwa maoni yanayokinzana, na lawama za wasikilizaji kwamba vinaegemea upande mmoja hazifai kupuuzwa.

Kwanza, usawa huo ni takwa la sheria. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinataka vyombo vya habari vya serikali viamue maudhui yao kwa uhuru, visipendelee upande wowote, na vitoe fursa kwa maoni tofauti na ya wanaopinga. Si hisani ya mtangazaji wala ya afisa yeyote.

Pili, redio ya umma ni mali ya Wakenya wa mirengo yote. Vijijini, ambako gazeti ni nadra na bando la intaneti ni ghali, wengi huitegemea redio kwa habari. Anayesikia upande mmoja tu kuhusu ushuru au matibabu huamua akiwa gizani.

Tatu, kualika wageni wawili pekee hakutoshi. Mmoja akikatizwa kila anapofungua kinywa huku mwenzake asiulizwe swali gumu, au simu za wasikilizaji zikichujwa kwa msimamo wa mpigaji, huo ni upendeleo.

Wahusika waweke wazi vigezo vya kuchagua wageni, wajibu malalamishi hadharani na kuwanoa watangazaji wao. Wafanye hivyo sasa, kabla kampeni za Uchaguzi Mkuu wa 2027 hazijapamba moto.