Baada ya "Nimekubali bei"



Mama mmoja mjane wa kanisa letu alikuja kwangu na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa karatasi moja tu, yenye kusema kwamba mtu fulani amepokea feza za parsele. "Pasta, nyumba iko yetu, tulilipa mpaka dola ya mwisho." Ni kweli, bwana yake alilipa yote kwa mshahara wa mgodi, mbele ya kufa. Lakini kwa Konservatere jina lilibaki la muuzishaji. Huyo naye amekufa, na watoto wake wameuzisha parsele ileile mara ya pili.

Sisi wengi, muuzishaji akisha kusema "Nimekubali", tunakunywa soda pamoja na kufikiri kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza. Sheria ya udongo ya 1973 inasema udongo ni wa Serkali. Wewe unapata haki ya kuutumia, na haki hiyo inaonyeshwa na sertifika ya kuandikisha yenye jina lako. Karatasi ya mkono haitoshi, hata fishe ya parsele ya komini haitoshi. (Na wewe wa Kolwezi unayewaza kobalti chini ya salo, kama Kasulo tangu 2014: sertifika haikupi madini.)

Basi, mbele ya kutoa feza nyingi, uende kwa Konservatere. Uulize kama sertifika ni ya kweli, kama benki haikuishika kwa deni, kama hakuna mashitaka. Mpimaji wa kadastre atazame mipaka. Uombe fakture za mwisho za SNEL na REGIDESO. Na majirani! Wao wanajua mambo ambayo karatasi haisemi.

Tazama vilevile nani anatia sahihi. Nyumba ya bwana na bibi haiuzishwi na bwana peke yake. Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyogeuzwa 2016, inataka wapatane wote wawili. Mwenye nyumba akiwa amekufa, wariti wote wakubali, si mzaliwa wa kwanza tu. Vijana, bei ndogo ya haraka-haraka mara nyingi inaficha mama asiyejua kitu.

Karatasi ya kuuzisha ikisha kupita kwa notere, inabaki mutasyo, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Sertifika ya zamani inafutwa, mpya inaandikwa kwa jina lako. Inaomba feza, basi watu wanasema "tutafanya mwaka kesho". Uzihesabu feza hizo tangu siku ya kupatana bei.

Yeremia alikuwa mfungwa, Yerusalema umezungukwa na waadui, lakini aliponunua shamba la Anatoti kwa shekeli 17 aliandika, akatia muhuri, akaita mashahidi, akaagiza karatasi ziwekwe ndani ya chungu (Yeremia 32). Nani kati yetu angefanya hivyo wakati wa vita?

Mnunuzi wa pili wa parsele ya mama yule alipata sertifika. Miaka 2 ikipita, sheria haitaruhusu tena kuipinga. Angeweza kuomba malipo tu. Imepita mwaka 1. Tumempata avoka, na wazee wawili walioona feza zikihesabiwa wamekubali kusema mbele ya mahakama.